Mtihani wa rubani usiwe mtego wa maneno

Mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa limefika kilele chake, mtoto wa dada yangu aliniletea karatasi yenye swali moja. Anajiandaa kwa mitihani ya nadharia ya marubani ya Ulaya. Anasoma kwa masafa akiwa hapa nyumbani, Kamalondo, na siku akipata makuta ya kutosha atasafiri kwenda kuifanya. "Mjomba," akasema, "hili nimelikosa mara tatu, na mara zote tatu jibu nilikuwa nalijua."

Swali lilihusu barafu inayoganda kwenye mabawa. Nikilileta kwa Kiswahili jinsi lilivyokaa, lilikuwa linauliza: kati ya sentensi hizi nne, ni ipi isiyo ya uongo kuhusu hali ambazo barafu haiwezi kutokea, isipokuwa kama ndege iko nje ya wingu? Nililisoma mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kidole. Nimefundisha hesabu shule ya sekondari miaka 26, na maswali magumu si mageni kwangu, lakini ugumu wa lile haukuwa kwenye barafu. Nikaweka karatasi pembeni, nikamwambia anieleze kwa maneno yake barafu inavyoganda. Akaeleza vizuri kabisa: matone ya maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, yanavyogonga ukingo wa mbele wa bawa na kuwa barafu papo hapo, jinsi umbo la bawa linavyoharibika, nguvu ya kunyanyua inavyopungua huku uzito ukiongezeka. Kijana alikuwa anaijua barafu. Ila mashine ilikuwa imemwandikia sifuri.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliwazia jambo hili la maswali ya kuchagua jibu katika mitihani ya marubani. Watu wanaogusa leseni za urubani wanabishana sana juu yake, na wengi huishia kusema kwamba mtindo wote utupwe. Mimi sikubali utupwe. Ninakubali kwamba unaonea watu, na nitaonyesha unapoonea, lakini nitaanza na wema wake, kwa sababu sisi wa Kongo tunauhitaji wema huo kuliko wengine.

Mtindo huu ulibuniwa Marekani. Frederick Kelly wa Kansas, alipotoa mtihani wake wa kusoma mwaka 1915, alikuwa anatafuta dawa ya tatizo ambalo kila mwalimu analijua: karatasi moja, ikisahihishwa na walimu wawili, hupata alama mbili. Jibu la kuzungushia duara halina mwandiko mzuri wala mbaya, na halimjui aliyeliandika. Kwetu mtindo huu si mgeni. Kila aliyemaliza sekondari Kongo amekaa mbele ya maswali ya Exetat, mtihani wa taifa, akichagua jibu kwenye fomu inayosomwa na mashine, na siku ya matokeo, aliyepita amemwagiwa poda kichwani hadi nguo zikawa nyeupe. Tunalalamika mengi kuhusu Exetat, na kila mwaka hayakosekani maneno ya majibu yanayozunguka kwenye simu. Hata hivyo, mzazi asiye na kitu hapa mjini atakuambia kwamba mtihani unaosahihishwa na mashine anauamini kuliko ule unaosahihishwa na mtu. Mtu ana shemeji, ana madeni, anaweza kupokea matabishi, yaani rushwa. Mashine haiulizi baba yako anafanya kazi wapi.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema marubani warudishiwe mitihani ya kuandika insha, nashtuka. Insha ya nani? Itasahihishwa na nani, na kwa lugha ipi? Mashirika ya ndege yaliyoidhinishwa na Kongo yamekaa miaka mingi kwenye orodha ya Ulaya ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka huko, na kijana wa Lubumbashi mwenye leseni anapoomba kazi nje hutazamwa kwa shaka kabla hajafungua mdomo. Mtu wa namna hiyo anahitaji alama ambayo hakuna anayeweza kusema ilinunuliwa.

Mashine nayo ina upofu wake. Haimjui aliyekaa kwenye kiti. Pakistan waliliona hilo mwaka 2020: baada ya ndege kuanguka Karachi mwezi Mei, waziri wa usafiri wa anga aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 walikuwa na leseni za kutiliwa shaka, wakidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Baadaye wengi katika orodha ile walisafishwa. Lakini shirika la taifa lao lilikuwa limeshafungiwa anga ya Ulaya, na zuio lile lilidumu miaka minne na zaidi. Udanganyifu wa wachache, pamoja na haraka ya kuwatangaza, vilimchafua hata rubani aliyesoma usiku na mchana. Ulinzi wa chumba cha mtihani ni sehemu ya haki, na hauna uhusiano na umbo la swali.

Sasa turudi kwenye umbo lenyewe, na hapa ruhusuni mwalimu wa hesabu achukue chaki. Mitihani ya Ulaya kwa leseni ya rubani wa ndege za abiria ina masomo 13. Maswali mengi yana majibu manne, anayekosa hakatwi alama, na alama ya kupita ni asilimia 75. Watu huuliza kama asiyejua lolote anaweza kupita kwa bahati. Chukua mtihani wa maswali 20, ambao kupita ni kupata 15. Anayechagua akiwa amefumba macho ana nafasi kama 4 katika milioni. Huyo tumwache, hatatuua.

Wa kutazamwa ni anayejua nusunusu. Tuseme maswali 12 anayajua kwa hakika na 8 anabahatisha. Anahitaji kupata matatu tu kati ya hayo manane, na nafasi yake ni karibu asilimia 32. Majibu yakiwa matatu badala ya manne, nafasi hiyo inapanda hadi asilimia 53. Yaani kati ya watu wawili wenye ujuzi uleule, ujuzi usiotosha, mmoja atapita na mwingine atarudi nyumbani, na kilichowatenganisha ni kidole. Ukipiga hesabu kwa wastani, alama 75 kwenye mtihani wa majibu manne inafikiwa na mtu anayejua theluthi mbili ya kazi. Marekani, ambako majibu ni matatu na alama ya kupita ni 70, wastani huo unafikiwa na anayejua asilimia 55.

Mtu anaweza kusema basi tuwakate alama wanaokosa, ili wasibahatishe. Nimeshaona inavyokuwa darasani. Wanafunzi wenye woga, ambao mara nyingi ndio waangalifu, wanaacha maswali wanayoyajua kwa asilimia 80, huku wenye kujiamini kupita kiasi wakijaza kila kitu. Adhabu ile hupima tabia ya mtu kabla ya kupima elimu yake, na sioni sababu ya kuileta.

Kuna swali jingine la hesabu linaloniuma zaidi, na linatuhusu sisi wa nchi ya juu. Uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, uko futi 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, kipimajoto kikisoma 33, hewa ya hapa inakuwa nyepesi, na ndege inajisikia kama iko juu zaidi ya ilipo. Rubani lazima ajue ni juu kiasi gani, kwa sababu hewa nyepesi inamaanisha injini dhaifu, bawa dhaifu na mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa. Hesabu yenyewe mtoto wa kidato anaiweza. Joto la kawaida usawa wa bahari ni 15, na linashuka karibu nyuzi 2 kila futi 1,000, hivyo kwa Luano joto la kawaida lingekuwa kama 6.4. Tofauti na 33 ni 26.6. Zidisha kwa 120, futi za kila nyuzi moja ya ziada, unapata karibu futi 3,200. Jumlisha na 4,300: ndege inajisikia iko futi 7,500.

Sasa litazame swali hilo likiwa na majibu manne: 1,100, 4,300, 6,460, 7,500. Mtunzi ameyachagua kwa makusudi. La kwanza ni la aliyetoa badala ya kujumlisha. La tatu ni la aliyesahau kwamba joto la kawaida hushuka kadiri unavyopanda, akatumia 15. Mtunzi mwema anaweza kusema mitego hii inafundisha, na ana hoja, kwa kuwa inakamata makosa ambayo watu huyafanya kweli. Lakini tuwatazame watahiniwa wawili. Mmoja amepiga hatua zote sawasawa, amekosea kujumlisha mwishoni, akapata 7,400, akababaika, na kwa kukosa muda akabonyeza 6,460. Mwingine hajui kanuni hata moja. Anajua tu kwamba joto hupunguza nguvu ya hewa, hivyo jibu lazima lizidi 4,300. Amebakiwa na mawili, akabonyeza la mwisho. Wa kwanza kapata sifuri, wa pili kapata alama kamili. Mimi kama mwalimu ningempa wa kwanza alama nne kati ya tano, na wa pili ningemwita mbele ubaoni.

Na hesabu hii si ya kupamba karatasi. Goma, lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege Januari 2002, na uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 iliyokuwa inaondoka pale ilipita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere, na watu waliokuwa kwenye shughuli zao wakafa. Sisemi kosa la hesabu ndilo lililowaua. Ninasema kwamba kwa rubani wa Goma au Luano, umbali wa kupaa ni kitu cha kila siku, na ninataka ajue kuutoa kichwani au kwenye jedwali bila mtu kumwekea namba nne mbele yake achague. Tiba ya hili haihitaji msahihishaji wala matabishi. Swali la hesabu liachwe wazi, mtahiniwa aandike namba yake kwenye kompyuta, na jibu lolote lililo ndani ya mpaka unaokubalika lihesabiwe sahihi. Mashine inaweza kusahihisha namba sawasawa na inavyosahihisha herufi.

Nimefika kwenye lugha, na hapa sitaharakisha, kwa sababu ndipo mtoto wa dada yangu alipoanguka.

Kijana wa Lubumbashi anaota kwa Kiswahili. Shule ameisoma kwa Kifaransa. Urubani anausoma kwa Kiingereza. Kwamba rubani wa safari za kimataifa ajue Kiingereza, sina ugomvi nako. Tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka rubani na muongozaji wawe angalau na kiwango cha nne kati ya sita, na kiwango hicho kinapimwa kwa kusikiliza na kusema, kwa sababu ndivyo redio ya ndege inavyofanya kazi. Anayeishia kiwango cha nne hupimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Hiyo ni haki, na ni usalama.

Kama Kiingereza kimeshapimwa peke yake, kwa njia yake, na watu waliofunzwa kukipima, mtihani wa hali ya hewa hauna kazi ya kukipima mara ya pili kwa mlango wa nyuma. Swali lenye "si" mbili na "isipokuwa" moja halimpimi mtu kama anaijua barafu. Linampima kama alilelewa ndani ya lugha ile. Mwingereza atalisoma kwa sekunde 20. Wetu atalisoma kwa dakika moja na nusu, atalitafsiri kwenda Kifaransa, atapoteza "si" moja njiani, na swali linalofuata litamkuta na muda mfupi. Mwishowe matokeo yanasema hajui hali ya hewa. Atarudia somo, na ana majaribio manne tu kwa kila somo, ndani ya miezi 18 kwa masomo yote. Kila jaribio ni tiketi ya ndege, ni viza, ni kitanda cha kulala ugenini. Familia inauza kiwanja.

Halafu fikirini lugha ya kazi yenyewe. Wanaoandika maneno ya redio na orodha za ukaguzi za chumba cha marubani wamejitahidi miaka mingi kuondoa utata: maneno mafupi, yaliyokubaliwa, yasiyo na maana mbili. Machi 27, 1977, kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye ukungu na watu 583 wakafa, na sentensi zenye maana mbili kwenye redio zilikuwa sehemu ya yaliyotokea. Baada ya hapo mkazo ukawa kwamba neno la kuruhusu kupaa litumike pale tu ndege inaporuhusiwa kupaa, na mahali pengine litafutwe neno lingine. Taaluma iliyolipia somo hilo kwa damu ingeona aibu kumtega kijana kwa sentensi zenye fundo. Swali la mtihani lingeandikwa kwa nidhamu ileile ya redio, na kila lenye ukanushaji zaidi ya mmoja lingerudishwa kwa mtunzi.

Tenerife inanikumbusha jambo jingine. Fundi wa ndege aliyekuwa kwenye chumba cha marubani wa KLM, mojawapo ya ndege zile mbili, aliuliza kwa wasiwasi kama ile ndege nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Alijibiwa kwa uhakika kwamba imetoka. Katika kazi hii kusema "sina hakika" ni wema, lakini mtihani wa kuchagua hauna kitufe cha "sina hakika". Kinyume chake, kila mwalimu wa maandalizi anawaambia wanafunzi: usiache swali tupu, bonyeza chochote. Nami ningewaambia hivyo hivyo, maana kanuni zilivyo ndivyo zinavyotaka. Miezi 18 ya mazoea hayo inanitia hofu.

Suala la fedha nitaligusa kwa ufupi. Hazina ya maswali ya Ulaya haiko wazi kwa watu, ila kuna wanaouza mikusanyo mikubwa inayofanana nayo, iliyokusanywa kutoka kwa waliotoka kwenye chumba cha mtihani. Mwenye euro analipia, anakariri maelfu ya maswali, anaingia akiwa ameshayaona. Wetu ananunua mega za siku moja, anapakua anachoweza kabla hazijaisha. Huko nyuma Marekani waliyachapisha maswali yao yote kwa kila mtu, kisha wakaacha, kwa kuwa watu walikuwa wanakariri herufi badala ya kusoma. Ninaelewa kwa nini waliacha. Lakini siri inayonunulika si siri, ni bidhaa. Afadhali sehemu kubwa ya maswali iwe wazi bure kwa wote, na namba za maswali ya hesabu zibadilishwe kila mtihani.

Wamarekani nimewasema kwa majibu yao matatu, sasa niwape haki yao. Kwao karatasi haimalizi kazi. Anayefanya mtihani wa maandishi hupewa ripoti inayoonyesha maeneo aliyokosa. Mwalimu wake lazima ayapitie naye na kutia saini. Siku ya mtihani wa kuruka, kabla ya kuigusa ndege, mtahini anakaa naye mezani na kumuuliza kwa mdomo, yakiwemo yale aliyokosa. Aliyebahatisha hapo anakutana na ukweli, na aliyeteleza kwa sababu ya neno anapata nafasi ya kuonyesha kwamba anajua. Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo na watu 50 wakafa. Sheria iliyofuata mwaka 2010 ilizaa kanuni kwamba, kuanzia Agosti 2014, anayetaka kufanya mtihani wa maandishi wa leseni ya juu kabisa, kwa ndege za injini zaidi ya moja, awe amekaa kwanza darasani saa 30 na kwenye mashine za kuigiza ndege saa 10. Waliona kwamba karatasi ikikaa peke yake inadanganya.

Najua mtu ataniuliza: mzee, umesema unaogopa mkono wa mtu, na sasa unataka mtihani wa mdomo? Ndiyo, kwa mpangilio huu: mashine itoe alama, na mdomo usiiongeze wala kuipunguza. Kazi ya mazungumzo iwe kufuata ripoti ya makosa, mbele ya watahini wawili, na sauti irekodiwe. Kwa namna hiyo matabishi hayana pa kuingilia, kwa kuwa hakuna alama ya kununua. Mamlaka yetu ya usafiri wa anga pale Kinshasa inaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti kubwa: kila anayeshindwa mtihani wa Kongo apewe orodha ya maeneo aliyokosa, kwa Kifaransa kinachoeleweka, badala ya kupewa namba moja tu ya alama.

Mtoto wa dada yangu hawezi kungoja hayo. Usiku uleule umeme ulikatika, tukawasha mshumaa, nikamwambia achukue rula afunike majibu yote manne, asome swali peke yake, aandike jibu lake pembeni, kisha ndipo aiondoe rula. Tulifanya maswali kumi ya hesabu za kupaa. Saba namba yake ilikuwepo kwenye orodha, na moja ilitofautiana kidogo tu. Mawili hayakuwa karibu na lolote kati ya manne. Haya mawili tulikaa nayo mpaka mshumaa ukafika kwenye kisahani, na la pili, la njia ya kurukia yenye mteremko, bado hatujalimaliza.